Ngoma Nyuma ya Goli

Mwalo Rangers walipopanda Ligi Kuu, watu wa Igombe walishangilia wiki nzima, kisha wakaanza kubishana. Walibishana kwa kinyozi, walibishana mwaloni mitumbwi ikishusha dagaa, na Jumapili walibishana nje ya kanisa kabla hata padri hajavua mavazi ya misa. Ubishi wenyewe ulikuwa mmoja. Wengine walisema timu inayopanda lazima itafute wachezaji waliokwisha kucheza Ligi Kuu, la sivyo itashuka msimu huo huo. Wengine walisema vijana walioipandisha ndio wenye haki ya kucheza, maana hakuna aliyezaliwa na uzoefu.

Kwa Josephat Luhaga jambo hili halikuwa la mdomoni tu. Yeye ndiye aliyekuwa nahodha wa Rangers na beki wao wa mwisho. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Alizaliwa Sengerema, akavuka kuja Ilemela akiwa kijana kujifunza ufundi wa injini za boti, na tangu hapo aliichezea timu hiyo moja tu. Mara mbili Rangers walifika mechi za mchujo wa kupanda, na mara zote mbili walikwama. Sasa walikuwa wamepanda, na magoti yake yalikuwa yameanza kumsumbua kila asubuhi. Alikuwa na ombi moja mbele ya Mungu. Mkewe Odeta alilijua, na majirani waliokutana nao kusali katika jumuiya yao ndogo walilijua pia: acheze Ligi Kuu kabla miguu yake haijakataa.

Ligi ilipokaribia kuanza, mwenyekiti wa klabu, Mzee Machibya, alikwenda Dar es Salaam akarudi na mchezaji mmoja. Jina lake Nurudin, mtu wa Temeke, mrefu, mpole wa sauti, mwenye ndevu zilizoanza kupata mvi. Alikuwa amezichezea timu nne za Ligi Kuu, mojawapo ikiwa Mzizima, ile timu ya Dar ambayo nusu ya nchi inaishabikia. Nafasi yake uwanjani ilikuwa beki wa mwisho. Hapakuwa na haja ya mtu kumweleza Luhaga maana ya ujio huo. Vijana walimpokea mgeni kwa heshima, lakini kabla ya jua kuzama walikuwa wameshampa jina. Walimwita Mzoefu.

Ili mtu aelewe shida iliyofuata, ni lazima ajue jinsi Rangers walivyokuwa wakilinda goli lao. Uwanja wao wa mazoezi upo kando ya ziwa, upande mmoja mawe makubwa, upande mwingine akina mama wanaoanika dagaa juu ya nyavu. Watazamaji hukaa juu ya mawe, na hata siku za mechi, kule uwanja mkubwa wa Kirumba mjini, hawakuwa wengi. Pakiwa kimya kiasi hicho, mtu akisema neno golini linasikika mpaka katikati ya uwanja. Kwa hiyo mabeki wa Rangers walijifunza kucheza kwa masikio. Kipa wao, Mbaruku, alizaliwa mjini Mwanza katika familia ya wafanyabiashara Waislamu, lakini alikulia mitaani na Kisukuma alikijua kama kila mtu. Yeye na Luhaga ndio walioanzisha utaratibu huo. Neno moja la Kisukuma lilitosha. "Iza" maana yake njoo, sogea huku. "Leka" maana yake uache mpira, nitaudaka mimi. "Nduhu" maana yake hakuna mtu nyuma yako, tulia. Mabeki hawakuhitaji kugeuka kutazama. Macho yao yalibaki kwenye mpira, na masikio yakawaeleza mengine yote. Washambuliaji waliotoka mikoa ya mbali hawakuelewa kitu. Mmoja wao aliwahi kumlalamikia mwamuzi kwamba anarogwa hadharani, na mwamuzi, aliyekuwa Msukuma wa Magu, alicheka mpaka akashindwa kupuliza filimbi.

Kocha Revocatus alimwomba Luhaga amfundishe Nurudin maneno hayo. Ombi hilo lilikuwa zito. Mwalimu alikuwa anaambiwa amwandae mtu wa kuchukua kiti chake. Luhaga alirudi nyumbani akamweleza Odeta, naye Odeta, aliyekuwa akichambua mchele, hakuinua kichwa. Alimkumbusha kwamba kila jioni alikuwa akimwambia Mungu nani acheze na nani akae benchi.

"Wewe omba," alisema. "Lakini usimpangie Mungu kikosi. Huo si ukocha wako."

Kesho yake Luhaga alimfundisha Nurudin, na alifanya hivyo kwa moyo mweupe, akirudia kila neno mpaka likakaa. Nurudin aliyashika maneno upesi, ingawa kinywani mwake yalitoka na lafudhi ya Pwani, na kila alipoita "nduhu" vijana walikaa chini kwa kicheko. Yeye mwenyewe alicheka nao. Kisha siku moja baada ya mazoezi, wakiwa wamekaa kwenye majani wanafungua viatu, alisema jambo ambalo halikumchekesha mtu.

"Maneno yenu ni mazuri, ngosha," alimwambia Luhaga, akimwita kama watu wa Dar wanavyomwita Msukuma yeyote. "Lakini Mzizima wakija mechi ya kwanza, hapo Kirumba hamtasikiana. Hata mtu akikuita jina lako, hutasikia."

Mbaruku alijibu kwamba Kirumba wameichezea msimu mzima na kule ni nyumbani kwao. Nurudin akamuuliza walicheza mbele ya watu wangapi. Mbaruku akasema wengi. Nurudin akasema wengi ni neno tu, na kwamba uwanja ukijaa watu kweli, sauti ya mtu haifiki hatua tano. Alieleza jinsi mabeki wa Ligi Kuu wanavyofanya: kabla mpira haujafika, mtu anageuza shingo mara moja, anatazama nyuma, anamtazama mwenzake, na mwenzake anamwonyesha kwa mkono. Siku iliyofuata alijaribu kuwaonyesha uwanjani. Vijana waliona ni kazi ya kuchelewesha. Antoni, beki wa kati aliyecheza pembeni ya Luhaga na mwenye mbio kuliko wote, aligeuza shingo kama alivyoelekezwa, na mpira ukampita miguuni. Mbaruku naye akasimama golini akinyoosha mikono kulia na kushoto kama trafiki wa Buzuruga, akapuliza na filimbi ya mdomo. Mazoezi yakavunjika kwa vicheko. Nurudin hakulirudia somo hilo.

Luhaga hakucheka sana. Lile neno la kelele lilimwingia, akalifikiria akiwa kazini, mikono yake ikiwa na mafuta ya injini. Alikubali kwamba mashabiki wa Mzizima wangejaa. Jawabu alilolipata lilikuwa la mtu wa Igombe kabisa. Kama wageni wanakuja na kelele, basi wenyeji nao wawe na kelele zao. Alikwenda kwa Mzee Machibya akamwomba atafute kikundi cha bugobogobo, ile ngoma ya Wasukuma ambayo watu huichezea majembe mkononi, na kwamba kikundi hicho kikae nyuma ya goli la Rangers ili vijana wapate moyo na wageni wakome. Mzee Machibya alipenda wazo hilo kuliko mawazo yote aliyowahi kuletewa. Alisema hata kama Rangers wakifungwa, ngoma haitafungwa.

Siku ya mwisho ya mazoezi Kocha Revocatus alimwita Luhaga pembeni, karibu na nyavu za dagaa. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwalimu wa shule ya msingi, na yeye pia hakuwahi kufundisha Ligi Kuu hata siku moja. Alimwambia Luhaga ataanza yeye, na Nurudin atakaa benchi. Sababu yake ni kwamba vijana wamezoea sauti ya Luhaga, na mechi ya kwanza si ya kubadilisha mazoea. Luhaga alimshukuru, akaenda kusimama nyuma ya jiwe kubwa, akafanya ishara ya msalaba. Machozi yalimtoka kidogo, akayafuta kwa jezi.

Alipotoka, Nurudin alikuwa anamsubiri. Tayari alikuwa ameambiwa. Alimpa mkono, akamtakia heri, na hakuonekana kuwa na kinyongo. Aliongeza jambo moja tu.

"Wasipokusikia, usipaze sauti zaidi. Geuka uwatazame."

Luhaga aliitikia, lakini akili yake ilikuwa kwenye furaha yake.

Siku ya mechi Kirumba ilijaa kabla ya saa nane mchana. Basi la Rangers liliingia likipita katikati ya watu waliovaa zambarau, rangi ya Mzizima, na wachezaji waliochungulia dirishani walianza kuwatambua watu wao. Kinyozi wa Igombe alikuwa amevaa zambarau. Mwalimu wa kwaya alikuwa amevaa zambarau. Mjomba wa Antoni, aliyemnunulia Antoni viatu vyake vya kwanza vya mpira, alikuwa amejifunga bendera ya zambarau kichwani, na alipowaona aliwapungia mkono kwa furaha, kama mtu asiye na kosa lolote. Ndivyo ilivyo. Mtu anaweza kuipenda timu ya mtaani kwake na bado moyo wake akauweka Dar.

Chumbani waliomba kama kawaida yao. Luhaga aliongoza Baba Yetu, kisha Mbaruku akasoma dua, na wote wakaitikia amina katika zote mbili. Nurudin aliinua viganja vyake kimya. Walipotoka kwenye mlango wa uwanja, kelele iliwapiga kifuani. Kisha, nyuma ya goli lao, ngoma zikaanza.

Wale wachezaji wa bugobogobo walikuwa wamekuja wengi, na walikuwa wazuri. Walirusha majembe juu wakayadaka, na ngoma kubwa zilipigwa kwa namna ambayo mtu aliisikia kwenye nyayo. Wana-Rangers wachache waliokuwa jukwaani walisimama wote. Luhaga alitazama angani, kisha akatazama uwanja, na kwa muda mfupi aliona kwamba amepewa kila kitu alichoomba.

Mzizima hawakuwa na haraka. Walipigiana pasi fupi, wakawaacha Rangers wakimbie. Halafu kiungo wao alipiga mpira mrefu kuelekea goli la Rangers. Mbaruku alitoka golini akiita "leka", akiwa na uhakika wa kuudaka, kama alivyokuwa amefanya mara nyingi msimu uliopita. Luhaga hakusikia kitu zaidi ya ngoma. Aliruka, akaupiga mpira kwa kichwa kuurudisha alikodhani kipa amesimama. Kipa hakuwapo hapo. Mpira ulidunda polepole kuelekea golini, na straika wa Mzizima aliufuata bila mbio, akausukuma ndani.

Mbaruku alishika kiuno. Alimwambia Luhaga kwamba aliita. Luhaga alimjibu kwamba hakusikia, na Mbaruku naye hakulisikia jibu, ikabidi arudie mdomo ukiwa karibu na sikio lake.

Baada ya hapo Luhaga alifanya kile ambacho Nurudin alimwambia asikifanye. Alipaza sauti. Alimwita Antoni, alimwita beki wa kulia, aliita "iza" na "nduhu" mpaka koo likawaka. Antoni alicheza kama mtu aliyezibwa masikio. Mara moja alipata mpira karibu na mstari wa nyuma akiwa peke yake, hakuna mtu hata mmoja karibu yake. Luhaga aliita "nduhu" kwa nguvu zake zote. Antoni hakusikia, akadhani ameandamwa, akaubutua mpira nje ukawa kona. Kona hiyo ikazaa goli la pili.

Na kila Rangers walipofungwa, wapiga ngoma waliona wajibu wao ni kuwapa moyo zaidi. Waliongeza. Luhaga aligeuka akawatazama, mikono kiunoni, akamwona kiongozi wao, mwanamume mnene wa Kisesa, akimpungia jembe kwa upendo.

Filimbi ya mapumziko ilipopigwa walikuwa nyuma kwa magoli mawili. Chumbani Mbaruku hakuwa na sauti tena, alinong'ona kama mgonjwa. Kocha Revocatus alisimama mbele yao na hakugomba. Aliwauliza mabeki kama wanasikiana. Mbaruku akaonyesha koo lake. Akamuuliza Luhaga peke yake, naye Luhaga akasema hapana, hawasikiani, na ngoma zile aliziomba yeye.

Mzee Machibya, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema tatizo si kubwa, maana kipindi cha pili timu zinabadilishana magoli, na ngoma zitabaki upande wa wageni. Lakini Nurudin alikuwa amechungulia nje, akasema kwa upole kwamba wapiga ngoma wanazunguka uwanja. Wote wakaenda kutazama. Ilikuwa kweli. Wale watu walikuwa wamejitwisha ngoma zao mabegani wanaelekea goli la pili, wasije wakaiacha timu yao peke yake. Mzee Machibya alitaka kutuma mtu awazuie. Kocha akasema waachwe. Alisema hata ngoma zikikoma, bado kuna watu wote wale wa zambarau.

Kisha alikaa kwenye benchi mkabala na Luhaga, akazungumza naye kwa sauti ya chini, ingawa kila mtu alisikia. Alisema anataka kumwingiza Nurudin. Mabeki wa kati ni wawili, Luhaga na Antoni. Hakutaka kumtoa mtu wa katikati wala wa mbele, kwa sababu goli linatafutwa.

"Wewe ndiye nahodha," alisema. "Nimtoe nani?"

Luhaga alielewa kwamba kocha alikuwa amempa mlango wa kutokea kwa heshima, au mlango wa kubaki. Angeweza kusema Antoni. Antoni alikuwa amefanya kosa lililozaa kona, na vijana wote walikuwa wameliona. Hakuna ambaye angemlaumu nahodha. Lakini yeye alijua, kama kila fundi anavyojua injini yake, kwamba yeye na Nurudin wote wawili wamekwisha kupunguza mbio, na kwamba straika wa Mzizima angewapita wote wawili kama amesimamishiwa miti. Antoni ndiye aliyeweza kumkimbiza. Beki wa mwisho anatakiwa mmoja.

Hakusali sala ndefu. Baadaye alimwambia Odeta kwamba alisema tu, "Bwana," na hakupata neno la pili.

"Nitoe mimi," alimwambia kocha.

Alivua kitambaa cha unahodha akamfunga Mbaruku mkononi. Nurudin alikuwa anakaza kamba za viatu. Luhaga alipopita mbele yake, Nurudin aliinua uso akamwambia "asante, nahodha," na kwa mara ya kwanza hakumwita ngosha.

Kipindi cha pili kilianza vibaya vile vile. Nurudin alisimama katikati ya ulinzi na mikono yake ilikuwa inazungumza: kiganja chini, tulia; kidole kulia, yupo mtu; mkono mzima juu, panda. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemtazama. Antoni bado alikuwa akisubiri sauti. Mara mbili Mzizima walipenya, na mara mbili mpira uligonga mwamba.

Luhaga aliona hayo akiwa benchi. Alivaa kizibao cha mazoezi, akaenda kwenye sehemu wanayopashia misuli wachezaji wa akiba, nyuma ya goli, ingawa yeye alikuwa amekwisha kutolewa na hakuwa na la kupasha. Alijaribu kumwita Antoni kutoka hapo. Ilikuwa sawa na kumwita mtu aliyeko Nansio, ng'ambo ya ziwa. Ndipo akaruka ubao wa matangazo, akaenda kwa yule mwanamume mnene wa Kisesa, akamshika mkono uliokuwa na jembe. Aliwaomba wanyamaze kidogo tu. Yule kiongozi alishangaa sana, lakini alimjua Luhaga, na alijua ndiye aliyekuwa ameomba waalikwe. Aliinua jembe, ngoma zikakoma.

Zambarau waliendelea kuimba, lakini ile ngurumo ya nyuma ya goli ilikatika ghafla, na mtu aliyeizoea aliisikia ikikatika. Mbaruku aligeuka. Antoni naye aligeuka kutazama kuna nini. Walimwona nahodha wao amesimama kati ya wapiga ngoma. Hakupiga kelele. Aliweka vidole viwili chini ya macho yake, kisha akanyoosha mkono kumwonyesha Nurudin.

Mwamuzi wa akiba alikuja mbio kumfukuza, na Kocha Revocatus akaonyeshwa kadi ya njano kwa ajili yake. Luhaga alirudi benchi ameinamisha kichwa. Nyuma yake ngoma zikaanza tena.

Lakini Antoni alikuwa ameshaelewa. Mpira uliofuata aligeuza shingo, akauona mkono wa Nurudin, akatulia, akatoa pasi fupi kwa kiungo kama mtu aliyekaa sebuleni kwake. Kuanzia hapo Mzizima hawakupenya tena kirahisi. Katika dakika za mwisho Antoni alipanda na mpira, Nurudin alipomwonyesha kwamba nyuma kuko salama, akakimbia nusu ya uwanja na kutoa krosi ambayo mshambuliaji kijana wa Rangers aliifunga kwa goti. Hata baadhi ya watu wa zambarau walishangilia, mjomba wake akiwa wa kwanza. Nurudin mwenyewe alimaliza mechi akichechemea, misuli imembana, na laiti mchezo ungeendelea kidogo angetolewa kwa machela.

Rangers walifungwa mbili kwa moja. Redioni jioni hiyo ubishi uliendelea kama kawaida. Mmoja alisema Nurudin amethibitisha kwamba bila wazoefu hakuna timu. Mwingine akasema goli limefungwa na vijana wa Igombe, na huyo mzoefu miguu imeisha. Luhaga alizima redio.

Nyumbani Odeta alimwekea maji ya moto ya kukanda magoti. Alikuwa amekwenda uwanjani na alikuwa ameona yote. Luhaga alimwuliza, nusu kwa mzaha, kama yale ndiyo majibu ya maombi ya miaka yote.

"Uliomba kucheza Ligi Kuu," Odeta alisema. "Dakika ngapi, hukusema."

Luhaga alicheka, ingawa neno hilo lilimgusa. Waliposali usiku huo kabla ya kulala, alishukuru kwa kipindi kimoja. Hakutaja kikosi.

Jumatatu kocha aliwaambia kwamba mechi inayofuata, ya ugenini Dar, Nurudin ndiye atakayeanza, na Luhaga atakuwa benchi. Luhaga alikuwa ameshajua. Mazoezi yalipoanza, yeye ndiye aliyetoa wazo, na kocha akalikubali: mpaka siku hiyo, hakuna mtu kufungua mdomo uwanjani. Atakayesema neno, la Kisukuma au la Kiswahili, atazunguka uwanja mara moja. Nurudin alisimama katikati, Antoni upande mmoja, Luhaga upande mwingine, akijifunza kugeuza shingo katika umri ambao shingo haipendi kugeuka. Mwanzoni alikosea kila mara. Mpira ulimpita, naye akaufuata bila kulalamika. Wakati wa kunywa maji Nurudin alimweleza kwamba katika mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu alitolewa hata nusu saa haijafika, akaenda kulia chooni, na hakuna aliyemfuata.

Mbaruku peke yake ndiye aliyezunguka uwanja mara nyingi.

Akina mama wanaoanika dagaa waliacha kazi wakawatazama. Hawakuwa wamezoea kuwaona vijana wale kimya. Mmoja wao, mama mtu mzima ambaye wachezaji wote walimwamkia kila wanapopita, alisogea mpaka kwenye mstari karibu na Luhaga. Luhaga alimwamkia kwa kichwa tu, bila sauti. Mama akawatazama wote, mmoja mmoja, akashika shavu.

"Mwanangu," aliuliza, "mmefiwa?"

Luhaga alimtazama kocha, kisha akautazama uwanja mzima atakaouzunguka, magoti yakiwa yanamuuma. Mama wa watu hawezi kuachwa bila jibu.

"Hapana, mama," alisema. "Tunajifunza."

Akaanza kukimbia.